Ngeli ya Aliye Gizani

Kwa muda wa miezi minne sasa nimekuwa nikitafsiri hadithi fupi moja ya Kiingereza, na kazi imenikwamia kwenye kiambishi. Si neno gumu la ubaharia lililonikwamisha, wala jina la mmea usiojulikana kwetu. Ni kiambishi cha ngeli tu, herufi moja au mbili zinazokaa mbele ya kitenzi, ambazo mtoto wa Kiswahili huzitamka bila kufikiri. Nawaandikia ninyi kwa kuwa najua hamtanicheka nikisema kwamba herufi hizo zimeninyima usingizi.

Hadithi yenyewe ni "The Voice in the Night" ya William Hope Hodgson, iliyochapishwa mwaka 1907, nami kwa sasa naiita "Sauti Usiku". Hodgson alizaliwa Essex, Uingereza, mwaka 1877, mtoto wa kasisi. Mwaka 1891, angali mvulana, aliingia ubaharia kama mwanagenzi, na huko akakutana na uonevu ambao hakuusahau. Akaujenga mwili wake kwa mazoezi mpaka waliomwonea wakamwogopa. Mwaka 1898 alipewa nishani kwa kumwokoa baharia mwenzake aliyeanguka majini karibu na New Zealand, mahali penye papa. Kisha akaiacha bahari, akafungua shule ya mazoezi ya mwili mjini Blackburn (ambako mwaka 1902 alimfunga Houdini, yule bingwa wa kujinasua, kwa pingu na minyororo iliyomtoa jasho jukwaani), na ndipo akageukia kalamu. Aliuawa kwa kombora huko Ubelgiji mwezi wa Aprili 1918, akiwa na umri wa miaka 40. Maisha ya baharini hakuyapenda, wala hakuficha. Wako washairi wengi walioisifu bahari wakiwa wameketi ufukoni. Huyu aliichukia akiwa ndani yake, na kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti inayosikika katika kila ukurasa wake.

Kwa wasioijua hadithi, nitaieleza kwa ufupi. Chombo kimekosa upepo kaskazini mwa Bahari ya Pasifiki. Usiku hauna nyota, na ukungu umetanda. Kutoka gizani, pasipotarajiwa kiumbe chochote, inasikika sauti ikiita. Inaomba chakula, lakini haitaki taa. Mwanga ukielekezwa majini, makasia yanasikika yakirudi nyuma kwa haraka. Mabaharia wanakubali kuificha taa, wanatia chakula katika sanduku la mbao na kulisukuma juu ya maji mpaka lichukuliwe. Baada ya saa kadhaa sauti inarudi kushukuru, na kwa kuwa imetendewa wema, inaona si haki kuondoka bila kueleza. Ni ya mwanamume aliyekuwa abiria pamoja na mchumba wake katika merikebu iliyoitwa Albatross. Merikebu ilipoharibika, mabaharia walikimbia na mashua wakawaacha. Wawili hao wakaunda chelezo, wakaelea hata wakaingia katika hori ambamo palikuwa na merikebu nyingine, kimya, imefunikwa na kuvu ya kijivu. Wakaisugua, ikarudi. Wakahamia nchi kavu, ikawa nako iko. Siku moja mwanamke akaiona kwenye kidole gumba chake. Njaa ilipozidi, wakaila. Na aliyeionja haachi kuitamani. Sasa wameazimia wasirudi kamwe kwa watu, wasije wakawapelekea balaa hiyo. Wanachoomba ni chakula cha binadamu tu, kwa ajili ya siku chache zilizosalia.

Kunapambazuka. Mashua inaondoka, na msimulizi anaona kati ya makasia umbo la kijivu likitikisika. Anafikiria sponji. Anatafuta kwa macho mahali ambapo mkono unashika kasia, hapaoni.

Hadithi za kutisha za baharini ni nyingi, na nyingine ni maarufu kuliko hii. Coleridge alilitoa shairi lake la baharia mzee na ndege aliyeuawa mwaka 1798. Poe alitoa hadithi ya waraka uliopatikana ndani ya chupa mwaka 1833. Katika "Dracula" ya mwaka 1897 iko merikebu inayoingia bandarini na nahodha wake maiti, amejifunga kwenye usukani. Na F. Marion Crawford, mwaka 1886, aliandika juu ya kitanda cha juu katika chumba cha meli ambacho kila anayelala humo hujitupa baharini. Hiyo ya Crawford inatisha kweli. Niliisoma usiku nikafunga dirisha. Lakini asubuhi nilikuwa nimeisahau, kwa sababu yule aliye kitandani ni adui, na adui humkimbia ukapona. Kwa Hodgson hakuna adui. Hakuna anayemshambulia mwenzake. Upande mmoja yuko mwenye njaa, upande wa pili yuko mwenye chakula, na katikati pana giza ambalo mwenye njaa analihitaji kuliko chakula.

Matatizo ya mwanzo ya tafsiri yalinifurahisha. La kwanza lilikuwa neno "shwari". Chombo cha tanga kikikosa upepo katikati ya bahari, watu wake wako hatarini: maji ya kunywa yanapungua, chakula kinapungua, na hakuna la kufanya ila kungoja. Mabaharia wetu wa majahazi walilijua hilo, nao waliita hali hiyo shwari. Lakini sisi tulioachwa nchi kavu tumelichukua neno tukalifanya habari njema. Ukiulizwa hali, unajibu shwari. Basi nikiandika kwamba bahari ilikuwa shwari, msomaji wa leo atapumua, wakati msimulizi ameshikwa na hofu. Nimelibakiza hata hivyo. Nimeongeza sentensi moja juu ya tanga lililolegea kama nguo kambani, nikatumaini kwamba msomaji atalisikia neno likirudi kwao.

La pili halikuwa tatizo, lilikuwa zawadi. Kiingereza kina neno lake la ule mvuke mweupe unaofunika bahari, na neno jingine, mbali kabisa na hilo, la ule uoto unaoshika mkate uliolala. Kiswahili kina "ukungu" kwa yote mawili. Tuna "kuvu" pia, tuna "koga", lakini mtu akifunua kapu akakuta mkate una manyoya ya kijivu, husema mkate umeota ukungu. Tazama basi linalotokea. Hadithi inaanza ukunguni, inapita katika merikebu iliyoota ukungu, inaingia katika mwili wa mwanadamu, na inamalizikia ukunguni, wakati tunaposema ukungu wa alfajiri. Mwandishi hakuyajua hayo, ila lugha yetu ilikuwa imemtengenezea mtego mzuri kuliko aliokuwa nao katika lugha yake. Nami niliutega. Katika kurasa za mwanzo ukungu ni hewa tu; sikuligusa neno "kuvu" hata mara moja mpaka katikati ya hadithi. (Nakiri kwamba sisi wa pwani ukungu tunaujua zaidi kwenye mkate kuliko baharini. Wa Lushoto watasoma kurasa za mwanzo vizuri kuliko sisi.)

Ndipo nikafika kwenye ngeli.

Katika sehemu ya kwanza ya hadithi, yule aliye gizani ni sauti tu, na hapo Kiswahili kinamsitiri. Sauti iliita, sauti ikanyamaza, sauti ikaomba. Kiambishi ni cha sauti, si cha mwenye sauti, wala msomaji haoni kwamba kuna linalofichwa. Katika sehemu ya pili anasimulia mwenyewe, na nafsi ya kwanza haina ngeli. Niliona, nilikula, tulilia. Hakuna sarufi inayoweza kumwuliza asemaye "mimi" kwamba yeye ni wa kundi gani. Muda wote anaposema, ni mtu kamili, na nadhani ndiyo sababu anasema kwa urefu namna ile.

Iko sehemu moja tu inayomsaliti. Mwanzoni kabisa, mabaharia wanapomwuliza ni nani, anajibu kwamba yeye si kitu cha kuogopwa, ni mtu mzee tu. Lakini kabla ya kulitamka neno la "mtu" anasita. Kwa Kiingereza sifa hutangulia jina, kwa hiyo anaweza kuutaja uzee wake kwanza, akasita, kisha akalitamka lile neno gumu. Kwetu jina hutangulia. Na nikitumia "mzee" peke yake, ile m- ya mwanzo imekwisha kuungama kila kitu kabla hajasita. Nilijaribu njia tano au sita. Mwishoni nimemfanya asite mapema zaidi, baada ya "mimi ni", akae kimya kidogo, kisha aseme "mzee". Kimya chenyewe nimekiandika kwa nukta tatu. Sikuridhika, lakini sina kilicho bora.

Tatizo halisi liko kwenye mapambazuko. Hapo msimulizi anamwona, na katika Kiswahili huwezi kumwona kiumbe akifanya jambo bila kumpa ngeli. Kiingereza kinaweza kuandika kwamba umbo lilitikisika, kikaliacha hapo. Mimi pia ninalo "umbo", na kwa sentensi moja nimejificha nyuma yake. Lakini sentensi ya mwisho kabisa haikubali. Hapo Hodgson anamfanya msimulizi agugumie: anaanza kumtaja yule aliyeondoka, anakwama, kisha anatamka kwamba ni kitu. Ni kikwazo kidogo sana, na hadithi nzima imening'inia hapo. Kwa hiyo ni lazima nichague. Je, alitokomea, au kilitokomea?

Mtaniambia kwamba sarufi imekwisha kulijibu hilo, kwa kuwa kwetu chenye uhai hufuata upatanisho wa A-WA hata umbo la jina likiwa la KI-VI. Ndiyo. Kipofu anaimba, kijana amefika, kiongozi ameondoka, kiumbe analia. Ile ki- ya mwanzo haimshushi mtu. Anayemshusha ni yule anayeitia kwenye kitenzi. Kizee amekuja ni habari, kizee kimekuja ni tusi. Na mipakani tunayumba. Jini amempanda mtu, tunasema kwa a-, ingawa hatumwoni. Maiti nimesikia akioshwa na nimesikia ikioshwa, siku moja, katika nyumba moja ya msiba, na aliyesema "akioshwa" alikuwa mjane. Sarufi, basi, hainipi jibu. Inanirudishia swali: unamwona kuwa ni nani?

Na mimi swali hilo niliwahi kuulizwa kabla sijajua kwamba kuna kitu kiitwacho ngeli.

Nilipokuwa na umri wa miaka saba hivi, katika miaka ya 1980, nilikaa kwa bibi yangu mzaa mama, Pangani. Uani kwake kulikuwa na chumba kimoja kilichojitenga, na humo aliishi kaka yake, tuliyemwita Babu wa Uani. Alikuwa ameugua ukoma. Nasema alikuwa ameugua, kwa sababu wakati huo alikwisha kutibiwa kwa zile dawa za mseto ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 1981, na hakuwa tena wa kumwambukiza mtu. Lakini dawa zilimfikia zimechelewa. Vidole havikuwapo, na uso ulikuwa umebadilika. Hakutoka mchana. Kazi yangu ilikuwa kumpelekea chakula cha usiku: sahani iliyofunikwa kwa kawa, na kandili mkononi. Kila nilipokaribia, sauti ilitoka ndani, ya upole, sauti nzuri ya mtu aliyewahi kuadhini: "Mjukuu wangu, taa iache hapo mbali. Sahani weka kizingitini." Niliiacha taa chini ya mkungu, nikaenda gizani hatua zile kumi, nikaweka, nikakimbia. Baadaye nilirudi kuchukua sahani. Kwa mwaka mzima sikumwona. Nilimjua kwa sauti tu.

Jirani mmoja alikuwa na mazoea ya kupita jioni na kumwuliza bibi, kwa sauti ya chini lakini si ya chini sana: "Kimekula leo?" Bibi hujibu: "Ndugu yangu amekula, alhamdulillahi." Mazungumzo hayo yalirudiwa mara nyingi, na mimi niliyasikia kama mtoto anavyosikia, pasipo kuchagua upande. Usiku mmoja nilirudi na sahani tupu, nikasimama pale pale mlangoni pa chumba, nikapiga kelele kuelekea jikoni: "Bibi, kimekula chote!"

Bibi hakunipiga. Alikuja na mikono ina unga, akanishika bega, akanigeuza nikauelekea mlango. Akasema: "Sema tena. Sema, amekula." Nikasema. Akasema: "Tena." Nikasema. Kutoka ndani ile sauti ikasema, "Mwache, dada. Mtoto huyo." Bibi akajibu kwa ukali ambao sijawahi kuusikia kwake kabla wala baada ya hapo: "Kwa sababu ni mtoto." Kisha nikasema mara ya tatu, nalia.

Alifariki nikiwa nimekwisha kurudi kwa wazazi wangu. Sikupata nafasi ya kumwomba radhi, na sidhani kwamba angeniruhusu kuiomba.

Kwa hiyo, nilipofika kwenye sentensi ya mwisho ya Hodgson na kalamu yangu ikaandika "kikatokomea", niliondoka mezani. Siku iliyofuata nilifuta nikaandika "akatokomea". Sentensi ikawa ya heshima, nayo ikafa. Hofu yote ilitoweka, kwa sababu msimulizi aliyeona kile alichokiona asingeweza kusema a- kwa wepesi namna hiyo. Ilikuwa heshima ya uongo, heshima ya mtu ambaye hakuangalia. Mshairi mwenzangu mmoja alinishauri niiepe kazi yote kwa kutumia "umbo" tena: umbo likatokomea. Ni ushauri wa fundi, na ungepita. Nimeukataa kwa sababu Hodgson mwenyewe hakuepa. Angeweza, akachagua kugugumia.

Hapo ndipo nilipoona kwamba Kiswahili kinaweza kugugumia ndani ya kitenzi chenyewe, mahali ambapo Kiingereza hakifiki. Msimulizi anaweza kuanza na kiambishi kimoja, akakatika, akashika kingine. Lakini kipi kianze? Nikiandika "aka… kikatokomea", nimemfuata mwandishi hatua kwa hatua: msimulizi anataka kumwita mtu, macho yanamkatalia, anashindwa. Nikiandika "kika… akatokomea", nimempindua: macho yanasema kitu, na msimulizi anajirudi. Tafsiri ya kwanza ni aminifu. Ya pili ni ya bibi yangu. Na mfasiri hana ruhusa ya kumtia bibi yake katika kitabu cha mtu mwingine, hata kama mwandishi alikufa zaidi ya miaka 100 iliyopita na hawezi kulalamika.

Nimeziacha zote mbili kwenye muswada, moja kwa wino na nyingine kwa penseli juu yake. Mwezi uliopita nilimsomea mama yangu, ambaye Kiingereza hakijui na hadithi za kubuni hazipendi sana. Nilimsomea toleo la wino, la uaminifu. Alisikiliza akichambua mchicha, hakuinua kichwa hata nilipofika kwenye kuvu. Nilipomaliza, nikangoja aseme juu ya mwisho, maana ni yeye aliyezaliwa katika nyumba ile na Babu wa Uani alikuwa mjomba wake. Juu ya mwisho hakusema neno. Aliuliza juu ya lile sanduku la mbao.

"Na yule mwanamke," akasema, "chakula kilimfika?"

Nikamwambia, kilimfika, mama. Yule mwanamume alirudi usiku ule ule kuwaambia.